Kiitikio cha Sabuni

Kitu cha kwanza alichokigundua Kimya ni kwamba mama alikuwa ameinuka kitandani bila kuimba.

Magoti ya mama yalikuwa yamezoea wimbo. Akitaka kusimama alishika ukingo wa kitanda, akavuta pumzi, akaanza taratibu, "Niliingia mchafu, nikatoka mweupe," na alipofika kwenye kiitikio, "Damu yako, Bwana, damu yako yaosha," alikuwa ameshasimama, mkono mmoja ukutani. Wimbo ulikuwa wake mwenyewe. Aliutunga enzi za kufulia watu nguo, akifuata mwendo wa kusugua, halafu mwanawe wa kiume, mwalimu wa kwaya, akaupangia sauti na kanisa zima likaujua. Lakini asubuhi ile alishika ukingo, akavuta pumzi, akainuka huku akiguna kwa maumivu kama mgonjwa mwingine yeyote.

"Mama, umeamkaje?" Kimya aliuliza kutoka mlangoni, beseni la maji ya kunawa mikononi.

"Nimeamka, mwanangu. Tushukuru."

Sebuleni redio ilikuwa imefunguliwa sauti ya juu. Wifi yake Kimya, mke wa kaka, hawezi kufagia bila redio. Na kutoka humo redioni ikatoka sauti ya Kimya mwenyewe, safi, nyororo, kama ya mtu asiyeogopa chochote: "Niliingia mchafu, nikatoka mweupe! Povutele, mama, Povutele yaosha!" Kwaya nzima ikaitikia. Kisha mwanamume mmoja wa tangazo la sabuni akapaza sauti, "Povutele! Povu jingi, jasho kidogo!"

Mama alitumbukiza mikono katika beseni, akaitoa bila kunawa uso.

"Mwambie wifi yako apunguze redio. Kichwa kinanigonga."

Kimya alikwenda sebuleni, akasimama kando ya redio, akashindwa kusema. Akajifanya anaifuta vumbi, na katika kufuta akaizungusha sauti kidogo kidogo mpaka ikawa ya chini.

"Wewe!" wifi yake akacheka, ufagio mkononi. "Yaani hata sauti yako mwenyewe unaionea haya?"

Hilo jina la Kimya hakupewa na wazazi. Alipewa na mtaa. Shule aliiachia darasa la tano, na tangu hapo alizungumza kama mtu anayeazima maneno na kuogopa kuyapoteza. Mbele ya wageni alijibu kwa kichwa. Wifi yake aliwaambia majirani, "Huyu ukitaka akuombe chumvi, mpigie kinanda kwanza." Maana akiimba alikuwa mtu mwingine. Jumapili ndiye aliyeanzisha, na wale waliomwona juma zima akipita ukutani ukutani waligeuka kutazama kama ndiye yeye.

* * *

Tangazo lililetwa na kiatu. Kaka yake Kimya, yule mwalimu wa kwaya, siku za kazi alikuwa fundi viatu, na kibanda chake kilikuwa kando ya barabara, turubai juu na viboksi viwili chini. Bwana mmoja alisimama hapo soli ikiwa imeachama kama mdomo wa chura. Akavua kiatu, akaweka mguu juu ya kipande cha boksi, akasubiri. Kaka alikuwa akipiga misumari huku akiimba chinichini, na Kimya kando yake alikuwa akipaka uzi nta na kumwitikia.

"Fundi, huo wimbo wa nani?"

"Wa mama yangu, bosi. Tunauimba kanisani."

"Una mkono ndani yake huo. Mtu anasikia kabisa nguo inasuguliwa."

"Ndivyo alivyoutunga," kaka akasema kwa fahari, na akapiga msumari mwingine. Katika miaka yote ya kuimba hakuna mtu wa viatu vizuri aliyewahi kumuuliza wimbo ni wa nani.

Yule bwana alikuwa mtu wa matangazo ya sabuni. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililowapa watu shida baadaye walipotafuta wa kumlaumu. Alikuja nyumbani na adabu zake, akamwamkia mama kwa mikono miwili, akakaa kwenye kiti alichopewa. Nje mvua ilikuwa inanyesha, na tone la kwanza lilipomdondokea begani alisogeza kiti kidogo bila kutazama juu, ili asiwaaibishe. Kaka aliliona lile tone. Aliliona pia beseni lililokuwa juu ya kitanda cha mama chumbani, karibu na mto, likikinga.

"Mimi mwenyewe nimelelewa na mchungaji, mama yangu," alisema yule bwana. "Baba yangu mzazi. Siwezi kuchezea kitu cha Mungu. Beti zote zinabaki kama zilivyo. Tunagusa kiitikio tu."

"Kiitikio tu?" mama akauliza.

"Kiitikio tu. Na kampuni haitawaacha mikono mitupu. Kanisa litapata kinanda. Nyumba hii itapata mabati, nitasimamia mwenyewe."

Wote wakamtazama mama. Mama alitazama mikono yake, ile mikono iliyofua mpaka kucha zikakonda. Akasema, "Mkiona inafaa."

Yeyote aliyeishi na mama alijua maneno hayo. Jambo akilipenda husema, "Fanyeni." Hiyo "mkiona inafaa" ndiyo hapana yake mbele ya mgeni, kwa kuwa hakufundishwa kumnyima mgeni usoni. Kaka aliijua tangu akiwa mtoto wa kuomba ruhusa ya kwenda kucheza. Lakini siku ile alichukua maneno, maana yake akaiacha pale pale kwenye mkeka. Kimya naye aliijua. Alifungua mdomo. Wifi yake akamwona, akadhani anapiga mwayo, akamkanyaga mguu.

Mabati yakaja, tena mazito, yanang'aa mpaka kuku wa jirani wakayaogopa. Kinanda kikaja na kikawekewa mikono kanisani. Na katoni za sabuni zikaja nyingi kiasi kwamba hazikuwa na pa kukaa. Zikapangwa sebuleni na kufunikwa vitambaa, zikawa viti.

* * *

"Dada Povu! Karibu, karibu mteja wetu wa redioni!"

Muuza duka aliegemea dirisha lake la nondo akitabasamu. Kulikuwa na watu watatu wanne pale nje, na wote wakageuka. Kimya alisukuma sarafu kwenye kibao.

"Kibiriti," alisema.

"Kibiriti kipo. Lakini hapa kwangu kibiriti kinaimbiwa. Kiitikio tu, dada yangu, kidogo tu, hata kwa pua."

"Mwache binti wa watu," alisema mama mmoja aliyekuja kununua unga, huku mwenyewe akitabasamu. "Ataona haya."

"Haya gani? Nchi nzima inamsikia akioga!"

"Nikifua," Kimya akasema kwa sauti ndogo.

"Ati?"

"Si kuoga. Ni kufua."

Wakacheka mpaka muuza duka akashika nondo. Kijana mmoja akaanza kusugua mikono kama mfuaji, akazungusha kiuno, akaimba, "Povutele, mama." Mama wa unga akauliza, kama mtu aliyekumbuka jambo, "Kwani huo si ule wa kanisani? Ule wa yule bibi wa magoti?"

"Ulikuwa," alisema muuza duka. "Sasa umepata kazi."

Kimya alichukua kibiriti chake. Njiani alijaribu kuuimba moyoni kama ulivyokuwa, ili auweke sawa kabla hajafika nyumbani. Beti ya kwanza ikaja. Kiitikio kikaja na yule mwanamume wa redioni nyuma yake. Akaanza upya. Kikaja tena na yule mwanamume. Akafika mlangoni bado hajakisafisha, akampa wifi yake kibiriti, akakaa juu ya katoni, kisha akakumbuka amekalia nini, akasimama.

* * *

Jumapili ya meza ya Bwana kanisa hujaa. Katika kanisa lao waumini hutoka benchi kwa benchi, wanasogea mbele taratibu, wanapokea mkate na kikombe wakiwa wamesimama, na kwaya huimba kwa sauti ya chini mpaka wa mwisho arudi. Mama alikuwa amefunga tangu jana yake. Alivaa gauni lake jeupe, akashika fimbo yake, akakaa ukingoni mwa benchi ili asisumbue watu wakati wa kutoka.

Mchungaji aliomba uimbwe ule wa mama. Alikuwa na nia njema kabisa. Alitaka kumheshimu.

Kaka alisimama mbele ya kwaya na kuinua mkono. Kinanda kipya kikatoa sauti. Kimya akafumba macho, akaanzisha, na beti ya kwanza ikatoka kama siku zote, mpaka wazee wakainamisha vichwa. Lakini ile sehemu ya pili alikuwa ameiimba studio mara nyingi mno. Fundi mitambo alimrudisha na kumrudisha, "Tena, dada, tena, weka tabasamu." Na baada ya studio redio ikawa inamrudishia kila siku, asubuhi na jioni, kama mwalimu asiyechoka. Akavuta pumzi na kwa sauti yake laini kabisa, sauti ya meza ya Bwana, akaimba:

"Povutele, mama, Povutele yaosha."

Kwaya haikusita. Kwaya iliyofundishwa vizuri haifikiri, inaitikia. Ikaitikia. Tena mikono ikapanda yenyewe, yote pamoja, ngumi juu ya ngumi, ikasugua kushoto, ikasugua kulia, kama walivyofundishwa siku ya kupigwa picha za tangazo.

Kaka alisikia mara ile ile. Masikio yake ndiyo ya kwanza kusikia kosa lolote. Lakini mwalimu wa kwaya hasimamishi wimbo katikati. Huo ndio mwiko wake, wimbo ukiharibika unaufikisha mwisho ndipo unagomba. Mkono wake ukaendelea kupiga mwendo huku uso ukibadilika rangi. Kicheko kilianzia kwa vijana, benchi la nyuma. Kikasogea. Mchungaji alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili na alijitahidi, kweli alijitahidi, lakini mabega yakamsaliti.

Mama alikuwa ameshafika mbele. Fimbo ilikuwa kwapani na viganja vilikuwa wazi, kimoja juu ya kingine, vikisubiri mkate. Akavitazama. Akavifunga. Kisha akageuka, akaanza kurudi kwa fimbo yake kinyume cha mstari, akiwapisha mmoja mmoja, "Samahani, mwanangu. Samahani, baba," mpaka alipofika kwenye benchi lake.

Kimya alifumbua macho wakati huo. Aliuona mgongo wa mama.

* * *

"Ulimi umeteleza," kaka alisema nyumbani, akizunguka katikati ya katoni. "Nani hajawahi kuteleza ulimi? Mimi siku ya ubatizo nilisema 'Pilato' badala ya 'Petro' na Mungu hakuniua. Mama, umetuaibisha."

"Nani kamwaibisha nani hapo?" mke wake akauliza, na mumewe akamkata jicho.

"Sijakasirika, mwanangu," mama alisema. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha pekee kisicho cha katoni. "Wala sijamkasirikia mdogo wako."

"Sasa mbona umeiacha meza ya Bwana?"

"Ningepokea nini? Nilikuwa nimejitayarisha vizuri. Nikasikia povu, na mimi nikaona povu. Ningeumeza ule mkate nikiwaza sabuni. Sikutaka kumdanganya mwenye meza mbele ya meza yake."

"Lakini ni neno tu, mama!"

"Kwako wewe uliyesoma ni neno. Mimi sijui kusali kwa maneno marefu. Tangu ujana wangu nikitaka kusali naanza na ule wimbo, ndio mlango wangu. Sasa nikigonga, anayefungua ni muuza sabuni."

Wifi ndiye aliyeona kwamba lazima mtu aseme jambo la kawaida.

"Mama, tusikufuru neema. Mvua zimekuja juzi na beseni lako liko jikoni linaanika dagaa wa kuku. Wimbo umetuezekea nyumba. Mabati hayana dini."

"Kweli, mkwe wangu. Mabati hayana dini," mama akasema bila ubishi. "Mimi ninayo."

Kimya alikuwa jikoni, mkono mdomoni. Alingoja wamwite wamgombeze, awaombe radhi. Hawakumwita. Katika nyumba ile hakuna aliyekuwa na desturi ya kumuuliza jambo, na siku ile kwa mara ya kwanza ilimuuma.

Mchungaji alikuja katikati ya juma. Akakaribishwa kwenye katoni iliyofunikwa kitambaa kizuri zaidi, ikabonyea kidogo, akajifanya hakuona.

"Mama, nimekuja kuomba radhi," alisema. "Nilicheka. Mimi nami ni mwili."

"Yamekwisha, mchungaji."

"Yasiwe makubwa basi. Sabuni si dhambi, mama. Kama wangetaka tuimbie pombe ningesimama mlangoni na rungu. Lakini sabuni! Kitu cha usafi!"

"Najua si dhambi. Nimeishika maisha yangu yote. Chumvi nayo si dhambi, baba, lakini hatutii machoni."

Mchungaji akatabasamu, kisha tabasamu likamwisha polepole. Alisoma mambo mengi chuoni, lakini hili hakuwa na pa kulishikia. Akasema atamletea mama meza ya Bwana pale pale nyumbani, faraghani, bila kwaya.

"Nikiwa tayari nitakuita."

"Na ukichelewa kuwa tayari, mama? Afya yako hii..."

"Ndiyo hofu yangu, mchungaji," mama alisema. "Hiyo hiyo."

Akaomba, akaaga. Kaka alimsindikiza mpaka njiani. Huko njiani mchungaji alitazama chini, akauliza kwa sauti ya chini kama kweli kampuni ilisema itatoa na vipaza sauti.

* * *

Kampuni ilikuwa na sherehe yake uwanjani, na yule bwana wa matangazo alimtaka Kimya jukwaani, mwenyewe, bila redio.

"Mara hii tu, mdogo wangu," kaka alimwambia kibandani, akizungusha kiatu cha mtu mikononi bila kukishona. "Nimeshamwambia ndiyo. Baada ya hapo nitawaambia basi, nakuapia. Naona na mimi nyumba haikaliki. Lakini mtu kakuezekea nyumba, utamnyimaje wimbo mmoja?"

Kimya akaitikia kwa kichwa. Daima aliitikia kwa kichwa, kwa hiyo kaka hakushangaa, akarudi kwenye sindano yake. Hakujua kwamba safari hii kichwa kilikuwa na mpango wake. Kimya alikuwa ameamua kwamba atapanda jukwaani na kuurudisha wimbo. Ataimba damu, mbele yao wote, kwenye vipaza sauti vyao wenyewe. Wamzomee, wamshushe, waje waezue mabati bati kwa bati. Mama atasikia habari hizo hapo kitandani, na mlango wake utafunguka. Siku zote zilizobaki alifua nguo za nyumbani na kila kusugua alisema moyoni, damu yako, damu yako, mpaka wifi yake akamuuliza kama shuka limemtukana.

Uwanja ulikuwa umefurika. Kulikuwa na boksi kubwa la plastiki lililojazwa upepo, refu kuliko nyumba. Wanawake walikuwa wakishindana kufua kwenye mabeseni, na povu lilikuwa limetapakaa hadi kwenye miguu ya jukwaa. Kimya alivalishwa fulana ya kampuni juu ya gauni lake. Akakishika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Usiwe na wasiwasi, dada," bwana wa matangazo alimwambia kwa upole. "Imba kama uko kanisani."

Akapanda. Kelele zikamvaa, "Dada Povu! Dada Povu!" Muziki ukaanza. Akaimba beti ya kwanza, uwanja mzima ukanyamaza kumsikiliza. Sauti ilikuwa yake. Kando ya jukwaa kaka alimwona amefumbua macho, naye hakuwahi kumwona mdogo wake akiimba macho wazi. Akajua. Akashika chuma cha jukwaa na kungoja.

"Damu yako, Bwana," Kimya akaimba kwa nguvu zake zote, "damu yako yaosha!"

Na watu wote, mikono juu, ngumi juu ya ngumi, wakaitikia kwa furaha, "Povutele, mama, Povutele yaosha!"

Alidhani wamewahi kabla hawajamsikia. Akaimba tena, polepole, neno kwa neno, kama mtu anayemwonyesha mgeni njia. Damu. Yako. Bwana. Vipaza sauti vilikuwa vikubwa na vizima, kila neno likaenda mpaka mwisho wa uwanja. Wakasugua kushoto, wakasugua kulia. Mwanamke mmoja wa mbele kabisa, aliyekuwa na povu mpaka kwenye viwiko, alimtazama Kimya usoni, akatabasamu kwa upendo, na kumwimbia sabuni. Hakuna aliyezomea. Hakuna aliyesikia.

Aliposhuka, yule bwana alimpokea kwa mikono miwili.

"Umewaachia waimbe wenyewe! Nani kakufundisha? Hiyo ndiyo akili ya msanii! Mpeni katoni hapa, mpeni mbili!"

Kaka alibeba katoni moja begani, nyingine Kimya. Wakashika njia ya nyumbani. Jua lilikuwa bado juu na watoto njiani walikuwa wakiimba nyuma yao.

"Nilikusikia," kaka akasema hatimaye.

Kimya akaongeza hatua.

"Nimesikia ulichoimba. Mara mbili." Alihamisha katoni bega la pili. "Mara ya kwanza niliogopa watasikia. Halafu nikaona hawasikii. Hapo ndipo nilipoogopa kweli."

"Kaka."

"Naam."

"Mama hakukubali. Siku ile. Ulijua."

Fundi viatu alisimama. Alitaka kusema wewe nawe ulijua, na neno lilikuwa limeshafika kwenye meno. Akalirudisha. Akaitua katoni kando ya njia, juu ya jiwe, akatwaa na ile ya Kimya na kuiweka juu yake, wakaziacha hapo. Hawakufika mbali kabla ya kusikia watoto wakigombea.

* * *

Mama alikuwa amejilaza, amegeukia ukuta. Aliposikia hatua akajigeuza.

"Ilikuwaje?"

Kaka alimtazama mdogo wake, akarudi nyuma hadi mlangoni, alipokuwa amesimama mke wake na kitambaa cha vyombo. Basi Kimya akakaa ukingoni mwa kitanda na kueleza. Alieleza mwenyewe, tangu mwanzo, maneno yakijikwaa na kurudi nyuma: alivyopanga, alivyoimba, walivyoitikia, yule mwanamke mwenye povu viwikoni. Wifi yake hakuwahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo kwa mkupuo mmoja, na kwa mara ya kwanza hakupata la utani.

"Nilitaka nikurudishie, mama," Kimya akamaliza. "Haurudi."

Machozi yalimtoka mama jicho moja, la upande wa mto, akayaacha yashuke.

"Basi umekwenda," alisema. "Maji yakimwagika hayazoleki. Nilikuwa naupenda sana wimbo wangu. Labda niliupenda kupita kiasi, sijui, hayo ataniambia mwenyewe nikifika." Akanyoosha mkono, akaushika wa binti yake. "Lakini mimi nimekauka, mwanangu. Siku zote hizi nimelala hapa kama mtu aliyefungiwa nje ya nyumba yake. Niombee wewe."

"Mimi?"

"Wewe. Anza, nitakufuata."

Kimya akafanya kama alivyozoea. Akafumba macho, akavuta pumzi ya kuimba, na pumzi ikakaa kifuani bila pa kwenda. Nyimbo zilikuja, nyingi, moja baada ya nyingine, na kila moja aliitazama na kuiogopa. Alijua kwamba katika maisha yake yote jina la Yesu hajawahi kulitamka nje ya wimbo. Ndani ya wimbo lilikuwa la watu wote, unaliimba na wenzako, unakaa chini, hakuna anayekuuliza. Ukilisema tupu, kwa mdomo wako, litakuwa lako, na mtu anaweza kukuuliza. Hilo ndilo alilolikimbia, siku zote, nyuma ya sauti nzuri. Watu walidhani ni haya.

Mlangoni kaka yake aliinamisha kichwa. Mkono wa mama ulikuwa mwepesi na wa joto, nao ulingoja bila kuvuta.

"Yesu," Kimya akasema, na sauti yake ya kusema ilikuwa nene kidogo, yenye mikwaruzo, si ile waliyoizoea. "Leo sina wimbo. Ni mimi. Nimekuja hivi hivi."